Hiari ya Mabula

Kantini nzima ilicheka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mabula mwenyewe. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akamnyooshea Masudi kidole.

"Mmemsikia huyu Mzaramo? Eti natolewa kazini! Mtu ambaye kwao kazi ni kupiga ngoma na kungoja nazi idondoke, leo anampunguza Msukuma!"

Watu wakagonga meza. Hata Agnetha wa ofisi ya wafanyakazi, aliyekuwa kwenye foleni ya chai, aliziba mdomo kwa kiganja.

Masudi naye akacheka. Kwa kicheko kile kosa lake la pili likakamilika.

Kama umelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, chukua machache tu, mengine yatajieleza njiani. Mgodi wa Ibolelo, ule wa chini ya ardhi upande wa Katoro, unapunguza wafanyakazi. Kampuni imefungua mlango wa kuondoka kwa hiari. Anayejiandikisha kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa anaondoka na malipo manono, na kadi ya matibabu ya familia yake itaendelea kutumika mwaka mzima. Mlango ukifungwa na idadi inayotakiwa haijatimia, waliobaki watatolewa kwa nguvu. Anayetolewa kwa nguvu hupata kile tu ambacho sheria inalazimisha, na kadi yake inakufa siku hiyohiyo.

Kila msimamizi wa zamu aliitwa chumbani, mlango ukafungwa, akaambiwa ataje kwa mdomo mtu mmoja wa kikosi chake. Kisha akaonywa: ukimwambia uliyemtaja, utafukuzwa wewe.

Masudi alimtaja Mabula.

Alikaa na jina hilo kifuani wiki nzima. Alhamisi likamshinda, akamwambia. Lakini alimwambia kantini, mbele ya watu wote, kwa sauti ileile anayotumia kila siku kumdhihaki: "Kula, Msukuma, kula sana. Jina lako limeshakwenda juu, ugali wa kampuni unakuaga."

Msukuma na Mzaramo ni watani tangu babu zao walipokutana kwenye njia za misafara ya kwenda pwani. Mtani akikuambia baba yako ni fisi, unacheka. Akikuambia nyumba yako inaungua, unamuuliza kama amekuja na mahindi ya kuchoma. Masudi aliyajua hayo. Alichagua njia ya kusema ambayo alijua haitasikika. Alitaka tu, akijilaza kitandani, aweze kujiambia, "Mimi nilimwambia."

Alijiambia. Hakupata usingizi.

*

Ijumaa alitoka msikitini bila kujua hotuba ilihusu nini. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu.

"Mabula, uko wapi?"

"Niko Katoro. Nikuletee michembe? Au meno ya Kizaramo hayawezi viazi vikavu?"

"Nisikilize. Nenda ofisini ukajiandikishe kabla ya saa kumi."

"Nijiandikishe nini?"

"Kuondoka kwa hiari."

Kicheko kilimjaa Masudi sikioni. "Jana ulinifukuza, leo unataka nijifukuze mwenyewe! Kesho utasema nimekufa, ukalale kaburini kwangu udai jogoo."

"Mabula, sitanii."

"Na mimi sili ugali!"

Simu ikakatwa. Masudi akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara nyingine, ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Mimi ni Mageni, fundi cherehani. Huyu mzee anapimwa suti. Amesema ikiwa ni wewe, nikuambie ameshafariki."

Nyuma ya sauti yake Masudi alisikia watu wakiangua kicheko.

Akaita bodaboda.

"Katoro, kwa Mageni fundi cherehani. Unapajua?"

"Nani asiyemjua Mageni?" Kijana aliwasha pikipiki. "Bosi, mbona mbio hivi? Umefiwa?"

"Bado."

"Lafudhi yako ya pwani hiyo. Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Basi ungesema mapema, ningekupakia na magunia."

Kijana alisubiri jibu mpaka kona ya kwanza, akaona halimjii, akakaza mwendo. Njia nzima Masudi alikuwa akitunga sentensi moja. Mpaka wanafika mizani ya pamba alikuwa ameipata, ikamkaa vizuri mdomoni: "Wakubwa ndio waliochagua, mimi nimesikia tu." Ilikuwa fupi. Ilikuwa haina uchafu. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba si kweli.

*

Mabula alikuwa amesimama barazani kwa Mageni, mikono ameinyoosha pande zote mbili kama anayepekuliwa na polisi, utepe wa kupimia umemzunguka kifua. Wanawake wawili waliokuja kupunguza magauni walikuwa wamekaa kwenye benchi wakimtazama.

"Mwadila!" Mageni alimsalimu Masudi, pini mdomoni.

"Ndiye huyo," Mabula alisema. "Ndiye aliyeniua kwenye simu. Pima vizuri, Mageni. Mtani wangu amekuja kuhakikisha suti yangu haitoki fupi kama akili yake."

"Mabula, njoo pembeni."

"Hapahapa. Mimi sina siri na watu wa pwani."

"Wallahi nakuapia—"

"Ameapa!" Mabula aliwageukia wanawake wa kwenye benchi. "Mzaramo akiapa, mama zangu, fungieni kuku."

Benchi lilicheka. Mageni alitema pini ili naye acheke.

Masudi alitazama saa ya ukutani ndani ya duka. Muda ulikuwa bado upo, ila haukuwa mwingi.

"Hii suti ya nini?" aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Sendofu ya Suzana, mwanangu. Mwezi ujao. Lakini kwanza mama yake apone." Mabula alishusha sauti kidogo, si kwa huzuni, kwa heshima tu ya jambo lenyewe. "Alhamisi ijayo Martina anatolewa ule uvimbe wa shingo. Wameshampa kitanda hospitali ya Kolandoto. Kadi imekubali kila kitu. Unajua nilivyohangaika na ile shingo, mtani. Waganga watatu, kanisa mara mbili. Mwisho wake ni kadi ya kampuni."

Masudi alikuwa akijua Martina anaumwa. Hakujua kuhusu Alhamisi. Siku alipoitwa kwenye kile chumba, hakuwa amejiuliza. Aliambiwa ataje mtu, akatafuta mtu wa kutaja.

Akautazama utepe uliomzunguka Mabula kifua.

"Mbona umenuna?" Mabula aliuliza. "Umesikia suti ukakumbuka mahari ya baba yako? Jamani, huyu baba yake alioa kwa madafu."

Benchi likacheka. Masudi akanyamaza.

"Mawili. La tatu lilikuwa limeliwa na panya."

Masudi akanyamaza.

"Na bibi harusi alipoona yale madafu, akauliza, 'Bwana harusi yuko wapi?' Wakamwambia, 'Ameenda kutafuta la tatu.'"

Masudi alimtazama tu.

Hapo niwaeleze jambo moja la kazi yao. Kule chini, kabla ya mtu kuingiza mashine ya kuchoronga, huchukua nondo ndefu akagonga dari la mwamba juu yake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba uliolegea hutoa sauti iliyokufa, na aliye chini yake hukimbia kwanza, maswali baadaye. Katika kikosi chao hakuna aliyekuwa na sikio la Mabula. Mwaka juzi alimvuta Masudi kwa mkanda wa suruali, wala hakusema kitu, na pale Masudi alipokuwa amesimama likashuka jiwe la kujaza kitoroli.

Mabula alishusha mikono. Utepe ukamdondoka Mageni.

"Nimekugonga mara tatu," alisema taratibu. "Hujalia."

*

Nyuma ya duka palikuwa na pasi ya mkaa iliyowekwa juu ya tofali, ikifuka. Walisimama kila mmoja upande wake.

"Gete?" Mabula aliuliza kwa lugha ya kwao. Kweli kabisa?

"Kweli kabisa."

"Na ya jana kantini?"

"Nayo ilikuwa kweli."

"Wote tulicheka."

"Nilijua mtacheka."

Mabula aliitazama pasi. "Nani alinitaja?"

Ile sentensi ya barabarani ilikuwa tayari ulimini. Masudi aliifungulia mdomo. Kilichotoka ni neno moja.

"Mimi."

Ndani ya duka cherehani ilianza kulia, ikanyamaza.

"Kazi yangu mbaya?"

"Hapana."

"Nilikukosea?"

"Hapana."

"Fredy analala juu ya mashine kila wiki. Umemfunika mwenyewe kwa koti lako bosi mkubwa asimwone. Kwa nini si Fredy?"

"Fredy angekwenda mahakamani. Angenisema mji mzima. Angenichukia mpaka kufa."

"Na mimi?"

Masudi alijua kwamba jibu hili ndilo baya kuliko yote, na kwamba hakuwa na lingine.

"Wewe ni mtani wangu. Nilijiambia mtani hana kinyongo."

Mabula aliondoa macho kwenye pasi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Masudi kuliko tusi.

"Mama yangu alipokufa, ulikuja kwetu kwa basi la usiku. Ukashuka kaburini kabla ya jeneza, ukalala chali, ukasema hutoki mpaka upewe jogoo mwekundu. Watu walikuwa wamelia mpaka sauti zimekauka. Ukawachekesha. Baba yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka akaomba uji. Nikasema, huyu ndiye atakayenizika." Akavuta pumzi. "Sikujua kwamba utaanza kabla sijafa."

"Mabula, saa kumi—"

"Nimesikia." Mabula alichukua koti lake kwenye msumari. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, kama mtu anayekwenda kuonana na mgeni. "Bwana Masudi, nakushukuru kwa taarifa."

Bwana Masudi. Katika miaka yote ya kufahamiana, Mabula alimwita mwizi wa nazi, kichwa cha mkungu, mkwe wa nyani, na majina mengine ambayo mhariri hatayaruhusu. Bwana hakuwahi kumwita.

Nje Masudi alikuwa ameshaita pikipiki. "Panda, tutabanana."

"Nitapanda yangu," Mabula alisema.

Mageni aliwatazama wakiondoka, pikipiki mbili, moja nyuma ya nyingine. "Hawa walikuwa wanataniana?" aliuliza mmoja wa wale wanawake. Mageni aliokota pini zake. "Nilidhani," alijibu.

*

Walifika ofisini saa kumi ikiwa imekaribia. Agnetha alikuwa nyuma ya meza, muhuri mkononi, macho mekundu kwa kukesha na kazi ya wiki.

"Shikamoo, Baba Suzana."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuondoka."

Mkono wa Agnetha ulisimama hewani. "Wewe? Leo? Saa hizi?"

"Si mlango bado uko wazi?"

Agnetha alimtazama, akatazama saa, akatazama mlango wa ndani wa meneja. Kitu kilimpita usoni ambacho Masudi, aliyekuwa amesimama kizingitini, alikiona asikielewe. Kumbuka kitu hicho. Tutakihitaji.

"Upo wazi," Agnetha alisema hatimaye. "Lakini nimeagizwa nikuulize, na ujibu mbele ya shahidi. Kampuni inataka hiari iwe hiari. Kama msimamizi wako alikuambia kwamba unatolewa, sahihi yako ni batili, na yeye hana kazi kuanzia leo. Kuna mtu alikuambia?"

Mabula ni mzee wa kanisa. Kikosi kizima kinajua kwamba hasemi uongo hata wa kumfariji mgonjwa.

"Ndiyo," Mabula alisema.

Muhuri ukatua mezani.

"Nani?"

"Huyo hapo mlangoni. Jana. Kantini, mbele ya watu wote. Alisema jina langu limeshakwenda juu, ugali unaniaga. Nawe ulikuwepo, mwanangu. Ulicheka."

Agnetha alikumbuka. Pamoja na uchovu, tabasamu lilimtoka. "Baba Suzana, huo si ulikuwa utani?"

"Wewe ulisikiaje?"

"Utani."

"Basi andika ulivyosikia."

Hakuwa amedanganya hata neno. Aliweka sahihi. Muhuri ukapigwa. Agnetha alipoinua macho kumpa mkono, aliona kwamba Mabula hakuwa na tabasamu, na lake likafifia polepole.

Mabula alimpita Masudi mlangoni bila kumgusa. Akaenda kurudisha kofia na taa yake ya mgodini.

*

Saa kumi kamili meneja wa wafanyakazi, Bwana Stanslaus, alitoka barazani na kipaza sauti. Uwanja ulikuwa umejaa: zamu iliyotoka, zamu inayoingia, wapishi, madereva. Fredy alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ndugu wafanyakazi," Stanslaus alisema, "mlango wa hiari umefungwa. Nina furaha kuwaambia kwamba idadi imetimia. Imetimia, na imezidi."

Uwanja ulivuta pumzi.

"Hakuna mtu atakayetolewa kwa nguvu. Majina yote yaliyotajwa na wasimamizi yamefutwa. Aliyepo leo atakuwepo Jumatatu."

Kelele zilizolipuka ziliwarusha kunguru kwenye paa. Fredy alipiga magoti, akabusu mchanga, akainuka akacheza. Mpishi alimkumbatia dereva.

Masudi hakusogea. Neno moja lilikuwa limemkwama sikioni. Imezidi.

Aligeuka akaingia ofisini. Agnetha alikuwa bado amekaa.

"Idadi ilitimia lini?"

"Masudi, tafadhali."

"Lini?"

"Mchana. Kabla ya chakula."

"Kabla ya Mabula."

Agnetha aliusogeza muhuri pembeni.

"Ulijua. Alipokaa hapo, ulijua kwamba akirudi nyumbani tu, Jumatatu anaingia kazini. Ukampigia muhuri."

"Nilikatazwa kusema!" Agnetha alipandisha sauti, akaishusha. "Meneja alisema atakayesema kabla ya saa kumi atafukuzwa. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Masudi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Alikuwa anaulizwa swali hilo na mtu pekee mgodini ambaye yeye, Masudi, asingeweza kumhukumu.

"Ifute."

"Haifutiki. Amejitolea mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mimi na wewe ni mashahidi."

"Na kama aliambiwa?"

"Aliambiwa kwa utani."

"Na kama leo aliambiwa tena, Katoro, nyuma ya duka, bila utani? Na msimamizi wake?"

Agnetha alielewa. Alikunja mikono mezani, akasema polepole kama anayesoma bei ya kitu ghali. "Sahihi itakuwa batili. Mabula atabaki kazini, kadi ya mke wake itabaki. Wewe utatoka leo bila chochote. Masudi, mama yako yuko kwenye kadi yako. Dawa zake za sukari."

"Najua aliko."

"Mabula ana malipo yake, ana mwaka mzima wa matibabu. Hajapoteza kila kitu. Nenda nyumbani."

Ulikuwa ushauri mzuri, na kila neno lake lilikuwa sahihi. Masudi aliupima, kwa kuwa ni mtu wa kupima. Mabula ana umri ambao hakuna mgodi mwingine utakaomwajiri. Malipo yataisha. Mwaka utaisha. Na shingo ya Martina, daktari alisema, itahitaji kutazamwa kwa miaka.

Akatoka barazani.

"Meneja, naomba kipaza sauti."

Stanslaus, akiwa na furaha ya mtu ambaye hatalazimika kufukuza, alimpa.

"Jamani," Masudi alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Mimi ndiye niliyelitaja jina la Mabula kule chumbani. Na leo mchana nimemfuata Katoro, nikamwambia. Hakujiandikisha kwa hiari. Nilimsukuma mimi. Sahihi yake ni batili."

Uwanja wote ulimgeukia.

Kisha Fredy, akiwa bado ana mchanga mdomoni, akapaza sauti: "Mtani huyooo!"

Uwanja mzima ukacheka.

Walicheka kuliko jana, maana jana walikuwa na hofu na leo hawana. Walicheka wakishikana mabega. "Mzaramo, hata leo humwachi?" "Mpe jogoo ashuke!" Hata Stanslaus alicheka, akanyoosha mkono apokee kipaza sauti chake.

Masudi hakukiachia. Alikuwa amesema ukweli mara mbili maishani mbele ya watu hawa, na mara zote mbili wamemshangilia.

Agnetha alikuwa ametoka nyuma yake. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa geti, ambako Mabula alikuwa amesimama, kofia ya mgodini kwapani, bado hajairudisha.

"Meneja," Agnetha alisema, na sauti yake ilikata kicheko cha mstari wa mbele. "Muulize Mabula."

Watu wakampisha. Mabula alikuja taratibu katikati ya njia waliyomwachia, mpaka chini ya baraza. Alimwinulia Masudi uso. Kila mtu aliwaona wakitazamana, na kila mtu alisubiri mchezo.

"Mzaramo," Mabula alisema kwa sauti ya kantini, ile kubwa, ile ya zamani. "Baba yako alioa kwa madafu."

Kicheko kilipanda tena. Agnetha peke yake ndiye aliyeona kilichokuwa kimefanyika. Mabula alikuwa amemfungulia mtani wake mlango. Jibu moja tu la dhihaka, moja, na yote yaliyosemwa kwenye kipaza sauti yangekuwa utani. Masudi angebaki na kazi yake, mama yake angebaki na dawa. Na Mabula angetoka getini na sahihi yake.

Na jibu Masudi alikuwa nalo. Lilikuwa limemjia papo hapo, bora kuliko yote aliyowahi kutoa, lenye ng'ombe, mkwe na michembe ndani yake. Uwanja mzima uliinamia mbele kulisubiri.

Masudi alifunga mdomo.

Kicheko kilianza kufa upande wa mbele, kikafa katikati, kikafa kwa wapishi kule nyuma. Mtu mmoja alikohoa. Fredy aliacha kucheza.

"Mzee Mabula," Stanslaus alisema, na hakuwa tena na tabasamu, "nakuuliza mbele ya watu wote hawa. Huyu anatania, au anasema kweli?"

Mabula alipanda ngazi za baraza. Akamsogelea Masudi mpaka wakakaribia kugusana. Akakunja kidole, akamgonga kifuani mara tatu, kama anavyogonga mwamba kabla ya kuingia chini yake, akategesha sikio.

Alisikiliza kwa muda mrefu.

Kisha akamgeukia meneja, akafungua mdomo.

Itaendelea.